Seva Mpya, Majina ya Zamani

Seva ya kwanza ya mafaili katika kampuni nyingi ndogo za Afrika Mashariki haikununuliwa, ilijitokeza yenyewe. Kompyuta ya mhasibu ndiyo iliyokuwa na diski kubwa, au ndiyo pekee isiyohamishwa mezani, basi folda moja ikafunguliwa ili dada wa mapokezi achukue ankara bila kuzunguka ofisini na flashi. Miaka inapita, folda zinaongezeka, na kompyuta ile haizimwi tena hata mhasibu akienda likizo. Kisha kampuni inaajiri, meza zinaongezwa, na asubuhi moja mtu anabofya folda aliyoizoea anaambiwa hawezi kuungana. Hakuna kilichoharibika. Windows ya kompyuta za mezani, kwa masharti ya leseni yake, huruhusu vifaa 20 tu kuungana nayo kwa wakati mmoja ili kugawana mafaili; enzi za XP Professional kikomo kilikuwa 10. Kampuni imekua, na kompyuta imelijua hilo kabla ya mkurugenzi.

Kuanzia hapo hununuliwa kitu. Mara nyingi ni kile kisanduku cha diski mbili au nne, Synology au QNAP, kinachokaa juu ya kabati karibu na ruta. Baadaye, mteja mkubwa au benki inapoanza kuuliza maswali ya usalama, hununuliwa seva kamili yenye Windows Server. Kisanduku hakiondolewi, kwa kuwa idara ya masoko imeshajaza picha humo. Tawi la Arusha nalo linafunguliwa na kuweka cha kwake. Na kampuni ikinunua kampuni nyingine, hupokea magari, wafanyakazi, madeni, na seva ambayo aliyeijenga aliondoka zamani na nywila yake. Sasa mafaili yamelala kwenye mashine nne za umri na asili tofauti. Yataletwaje pamoja huku watu wakiendelea kufanya kazi?

Bajeti ya kazi hii huandikwa karibu kila mara kwa terabaiti: diski ngapi, seva ya bei gani, siku ngapi za kunakili. Nadhani kosa huanzia hapo. Mafaili yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito iko kwenye majina ambayo kila kompyuta, kila hati ya Excel na kila mfumo wa uhasibu huyatumia kuyafikia mafaili hayo, na kwenye orodha ya watu wenye haki ya kuyafungua. Ukipanga hayo mawili kwanza, data hufuata bila kelele. Ukianza na data, gharama ya hayo mawili utadaiwa Jumatatu asubuhi, simu zote zikilia kwa pamoja.

Kabla ya kufika huko, inafaa kujua kwa nini mashine hizi hazielewani kirahisi, maana sababu ni ya kihistoria kuliko ya kiufundi. Itifaki ambayo Windows huitumia kugawana mafaili, SMB, ilibuniwa IBM mwaka 1983 na Barry Feigenbaum. Mwaka huohuo Novell ilitoa NetWare, ambayo ilikuja kutawala maofisini kwa miaka mingi. Microsoft ilipoleta Windows NT mwaka 1993 ilianza kuisukuma NetWare pembeni, na Active Directory ilipofika na Windows 2000, seva ya mafaili ikaacha kuwa mashine ya kujitegemea. Ilikuwa mwanachama wa domeni, na haki zake zilitoka kwenye orodha moja ya watu iliyotunzwa mahali pengine.

Kabla hata ya NT, huko Canberra, Australia, kulikuwa na mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Andrew Tridgell. Mwishoni mwa 1991 alitaka kompyuta yake ya DOS isome diski za mashine ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki, kwa hiyo alizisikiliza pakiti zilizokuwa zikipita kwenye waya na kuandika programu iliyojibu kwa namna ileile. Ndiyo iliyokuja kuitwa Samba, na ndiyo inayofanya kazi leo ndani ya visanduku vya diski vinavyouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Kwa zaidi ya miaka kumi yeye na wenzake walijua mambo mengi kwa kupekua na kukisia tu. Kilichobadili hali ni kesi. Mwaka 1998 Sun Microsystems ililalamika kwa Tume ya Ulaya kwamba Microsoft inaficha maelezo ambayo seva za wengine zinayahitaji ili zifanye kazi na Windows. Machi 2004 Tume iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru iyatoe. Septemba 2007 mahakama ya Luxembourg ikauthibitisha uamuzi huo. Desemba mwaka huohuo nyaraka zikapatikana kwa timu ya Samba kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Miaka mitano baadaye ikatoka Samba 4, inayoweza kusimama yenyewe kama kidhibiti cha domeni ya Active Directory. Fundi wa Kampala anayeunganisha kisanduku chake na domeni ya kampuni kwa kubofya mara chache anakula matunda ya kesi ile, hata kama hajawahi kuisikia.

Hata hivyo maelewano hayo yana mipaka. Linux huona Bajeti na bajeti kuwa mafaili mawili; Windows huyaona kuwa moja, na ukiyaleta kwenye seva yake moja litaandikwa juu ya jingine. Linux humtambua mtu kwa namba fupi iliyotolewa na mashine yenyewe. Windows humtambua kwa namba ndefu iliyotolewa na domeni. Kati ya namba hizo mbili lazima pawe na jedwali la tafsiri, na jedwali hilo likipotea au likijengwa upya bila utaratibu, faili la meneja huweza kuamka asubuhi likiwa mali ya mlinzi.

Turudi kwenye majina. Waliofanya kazi serikalini zamani wanaikumbuka masijala: faili lina namba yake ya kumbukumbu, na namba hiyo haisemi kabati liko chumba kipi. Masijala ikihamishwa kutoka ghorofa ya kwanza kwenda ya tatu, barua zote zilizoandikwa miaka kumi nyuma zikitaja namba ile bado ni sahihi. Mitandao ya kampuni nyingi ilijengwa kinyume cha hapo. Njia ya faili huanza na jina la mashine, SERVER1 au MHASIBU-PC, na jina hilo hupenya kila mahali: kwenye njia za mkato za dawati, kwenye herufi ya diski Z au S iliyofungwa kwa mkono katika kila kompyuta, kwenye hati ya Excel ya bajeti inayochota tarakimu kutoka hati nyingine saba, kwenye mfumo wa uhasibu unaojua data yake iko wapi kwa kusoma mstari mmoja wa mipangilio. Ukibadili mashine, vyote hivyo vinakufa, kila kimoja kwa wakati wake. Hati ya Excel ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa haifi papo hapo. Inaendelea kuonyesha tarakimu za mwisho ilizozichota, na mtu anaweza kuzitumia kwa wiki kadhaa akidhani ni za leo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuhama, kabla ya kununua hata diski moja, ni kulitenga jina na mashine. Kwenye domeni ya Windows kuna huduma ya kazi hii hasa, DFS Namespaces: watu hufungua njia inayoanza na jina la kampuni, na nyuma yake msimamizi huelekeza kila folda kwenye seva anayoitaka. Folda ya uhasibu inaweza kuwa kwenye seva ya zamani leo na kwenye mpya kesho, na aliyekaa mezani asione tofauti. Kwa mtandao usio na domeni, lakabu kwenye DNS hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo. Ndani ya domeni lakabu inahitaji usajili wa ziada, la sivyo uthibitishaji wa Kerberos hushindwa na mashine hurudi kwenye njia ya zamani iliyo dhaifu zaidi. Vyovyote utakavyochagua, fanya miezi kadhaa kabla. Wape watu njia mpya wakati data bado iko palepale, waizoee, rekebisha hati za Excel moja baada ya nyingine, mwulize mtoa programu ya uhasibu jinsi ya kubadili njia yake. Ni kazi ya kuchosha isiyo na kitu cha kumwonyesha bosi, na ndiyo sababu huachwa. Mtu wa IT anayeomba fedha za seva mpya hupewa. Anayeomba wiki tatu za kubadilisha majina huulizwa kama hana kazi nyingine.

Baada ya majina, watu. Kwenye seva ya Windows kuna tabaka mbili za ruhusa, moja ya mlango wa kuingilia kupitia mtandao na nyingine ya diski yenyewe, na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Wengi hawalijui hilo, ndipo unapokuta mlango umefungwa kwa watu wasiohusika huku diski ikiwa wazi kwa kila mtu, au kinyume chake. Ruhusa hizo haziandikwi kwa jina la mtu. Zinaandikwa kwa namba ya utambulisho, na ukifuta akaunti kisha ukaifungua tena kwa jina lilelile, namba ni nyingine na milango yote imefungwa. Kwenye seva iliyokaa miaka minane utaikuta folda yenye orodha ya namba tupu zisizo na jina: walioacha kazi, waliofukuzwa, aliyekuja kufanya mazoezi kwa miezi mitatu. Ruhusa zilitolewa kwa mtu mmojammoja, siku aliyoomba, na aliyekuwa zamu.

Kuhama ni nafasi adimu ya kulifuta hilo. Utaratibu unaojulikana ni kutompa mtu ruhusa kamwe: mtu huwekwa kwenye kundi la kazi yake, kundi la kazi huwekwa kwenye kundi la folda, na folda hujua kundi lake tu. Maelezo ni mepesi, utekelezaji una maneno mengi, kwa sababu unalazimisha maswali ambayo kampuni imeyakwepa. Nani ana haki ya kuona mishahara? Je, meneja wa tawi anaona hesabu za matawi mengine? Kabrasha za wafanyakazi zenye nakala za vitambulisho na vyeti vya hospitali ni za idara ya rasilimali watu peke yake, au katibu wa mkurugenzi naye anaingia kwa kuwa ndiye aliyezipiga skani? Maswali haya si ya fundi. Na siku hizi yana sheria nyuma yake: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jibu la “kila mtu anaona kila kitu kwa sababu tunaaminiana” lilitosha mlipokuwa sita.

Kampuni mbili zinapoungana, jambo linakuwa gumu maradufu, kwani kuna orodha mbili za watu. Njia ya haraka ni kuzifanya domeni mbili ziaminiane, kila moja ikabaki na watu wake. Wengi huishia hapo na kukaa hivyo miaka. Njia kamili ni kuwahamisha watu wote kwenye domeni moja huku kila akaunti mpya ikibeba kumbukumbu ya namba yake ya zamani, ili mafaili yasiyobandikwa ruhusa mpya bado yamtambue. Kumbukumbu hiyo ni daraja la muda. Ikiachwa milele inakuwa mlango wa nyuma, kwa sababu mtu anaweza kuwa na haki ambazo hazionekani kwenye orodha ya makundi yake.

Uzito wa orodha ya watu ukilinganishwa na mafaili ulionekana waziwazi kwenye mkasa wa Maersk. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya iliifagia mitandao ya kampuni hiyo ya meli ya Denmark. Bekapu za seva nyingi zilikuwepo. Kilichokosekana ni kidhibiti cha domeni, yaani seva inayotunza orodha ile, hata kimoja kilicho hai: vilikuwa karibu 150 duniani kote, vikinakiliana vyenyewe kwa vyenyewe, na kwa kuwa kila kimoja kilihesabiwa kuwa bekapu ya kingine, vikafutika kwa pamoja. Kimoja tu kilipona, nchini Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na mashine ilikuwa imezimika shambulio lilipopita. Intaneti ya ofisi ile haikutosha kutuma mamia ya gigabaiti kwenda Uingereza kwa wakati, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza. Mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi diski mwenzake uwanjani, naye akaipeleka London. Mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza baadaye huko Davos kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Sisi tunaolalamikia umeme tuna haki ya kulitabasamia kidogo hilo, ila funzo la kiufundi ni kwamba vitu vinavyonakiliana havilindani. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya kisanduku kimoja hazilindani dhidi ya kufuta, na seva mbili zinazosawazishwa kila dakika hazilindani pia. Bekapu ni ile iliyotengwa, na iliyowahi kujaribiwa kurudishwa.

Kuhusu kunakili kwenyewe nitasema machache, maana hapa vitabu havikosekani. Hesabu ya muda ni rahisi na inashangaza ni wangapi hawaipigi. Kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti moja, ukipata megabaiti 100 kwa sekunde, terabaiti nne huchukua saa 11 hivi. Kwenye laini ya tawi ya megabiti 20 kwa sekunde, data hiyohiyo itahitaji siku 18 na ushee, tena kama hakuna mwingine anayetumia laini. Ndiyo maana tawi la Mwanza huhamishwa vizuri zaidi kwa diski iliyosimbwa, ikapakiwa kwenye basi la usiku, kisha laini ikatumika kuleta mabadiliko tu. Na zile saa 11 ni za mafaili makubwa. Folda yenye mamia ya maelfu ya picha ndogo za risiti huenda polepole mno, kwa sababu kila faili lina mazungumzo yake ya kufunguliwa na kufungwa.

Vifaa vya kazi ni vya bure. Windows ina Robocopy ndani yake. Linux ina rsync, ambayo Tridgell yuleyule aliitoa mwaka 1996 pamoja na Paul Mackerras. Vyote vinajua kurudia: mzunguko wa kwanza huchukua siku nzima watu wakiwa kazini, unaofuata hubeba yaliyobadilika tu, na usiku wa kuhama mzunguko wa mwisho unaweza kumalizika kwa dakika chache. Robocopy ina tabia tatu za kujua mapema. Bila kuelekezwa, hunakili data, sifa na tarehe, na huziacha ruhusa nyuma. Ikikuta faili limefunguliwa na mtu, hujaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, ambayo ni karibu mwaka mzima kwa faili moja. Na amri yake ya kioo hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukikosea mpangilio wa pande hizo, umeifuta seva ya zamani ili ifanane na mpya iliyo tupu. Kuburuta kwa kipanya, njia ambayo bado naiona ikitumika, ni mbaya zaidi: faili lililonakiliwa hivyo hurithi ruhusa za folda linakofikia, na kazi yote ya makundi inapotea kimyakimya.

Kisha kuna yasiyopaswa kunakiliwa kama mafaili kabisa. Data ya mfumo wa uhasibu, Tally au QuickBooks, ina utaratibu wake wa kutoa na kurudisha bekapu, utumie. Masanduku ya barua ya Outlook yaliyowekwa kwenye folda ya mtandao hayakupaswa kuwa huko tangu mwanzo. Njia zenye herufi zaidi ya 260, zinazotokana na tabia ya kutengeneza folda ndani ya folda ndani ya folda yenye jina la sentensi nzima, zitakataa kufunguka kwenye programu nyingi hata kama zilinakilika salama. Na kuna takataka: video za sherehe ya mwisho wa mwaka, nakala tano za bajeti moja zikiitwa mpya, mpya2, ya mwisho, ya mwisho kabisa. Ushauri wa kawaida ni kusafisha kabla ya kuhama. Mimi sikubaliani nao sana. Usafishaji unahitaji maamuzi ya watu wenye shughuli zao, na mradi unaosubiri watu wasafishe hauondoki. Hamisha yaliyoguswa miaka michache iliyopita, yaliyobaki yaweke kwenye hazina ya kusoma tu, na kwenye hesabu na kodi kumbuka kwamba sheria inataka kumbukumbu zitunzwe. Kenya, kwa mfano, ni miaka mitano.

Seva mpya pia huja na ukali ambao ya zamani haikuwa nao. Toleo la kwanza la SMB ndilo lililokuwa mlango wa WannaCry tarehe 12 Mei 2017, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka, na tangu mwishoni mwa mwaka ule matoleo mapya ya Windows hayaliweki tena lenyewe. Ni jambo jema, hadi siku mashine ya fotokopi ya ghorofa ya pili inapokataa kutuma skani kwenye folda, kwa kuwa haijui toleo jingine. Windows 11 ya 24H2 iliongeza mengine: inadai mawasiliano yatiwe sahihi, na toleo la Pro halikubali tena kuingia kama mgeni bila akaunti. Ofisi nyingi zenye kisanduku cha zamani kilichoachwa wazi ziliamka na kompyuta mpya zisizokiona. Suluhisho linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni kuzima ulinzi huo. Afadhali uende kwenye kisanduku uweke akaunti na kusasisha programu yake, na kama hakisasishiki tena, hicho ndicho cha kwanza kuondoka. Fotokopi unaweza kuielekeza itume kwa barua pepe.

Mtu atauliza kwa nini tusipeleke kila kitu kwenye wingu. Kwa hati za kawaida, ofisi ya watu thelathini wanaofanya kazi nusu nyumbani, swali hilo ni zuri na jibu mara nyingi ni ndiyo. Microsoft 365 huipa kampuni terabaiti moja ya SharePoint na gigabaiti 10 kwa kila leseni, na bekapu ya mhasibu haitegemei tena jenereta. Ila wingu halikwepi maswali ya awali, linayahamisha tu. Majina bado ni tatizo, kwa kuwa njia za SharePoint zina kikomo cha herufi 400 na hati za Excel zinazochotana zitakatika vilevile. Ruhusa bado ni tatizo, tena kubwa, kwa sababu kiungo kilichotumwa kwa mtu mmoja kinaweza kumfikia yeyote. Microsoft wenyewe wanashauri mtu asisawazishe zaidi ya vitu 300,000 kwenye kompyuta yake, idadi ambayo kampuni ya uwakala wa forodha huifikia kwa skani za nyaraka peke yake.

Na kuna bahari. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikayumba kwa siku kadhaa. Ofisi iliyokuwa na seva yake chumbani iliendelea kuchapa ankara. Studio ya uhandisi yenye michoro ya mamia ya megabaiti, au kituo cha televisheni chenye picha ghafi, bado inahitaji diski karibu. SMB haikutengenezwa kwa ajili ya safari ndefu, huuliza maswali mengi madogo, na kila swali lenye safari ya zaidi ya milisekunde mia moja kwenda Ulaya na kurudi humfanya mchoraji aende kunywa chai. Hata kati ya matawi, usawazishaji wa DFS haufungi faili linalotumiwa: mtu wa Arusha na mtu wa Dar es Salaam wakilihariri faili moja, la mwisho kuhifadhiwa hushinda na kazi ya mwingine hubaki kwenye folda iliyofichwa ambayo hakuna aipekuaye. Kwa hiyo naona mgawanyo ukiwa wa busara kuliko imani ya upande mmoja: hati zinazohaririwa na wengi ziende kwenye wingu, mafaili mazito yakae karibu na wanaoyatumia, na kila folda iwe na tawi moja lenye haki ya kuandika.

Siku ya kuhama ichaguliwe na mhasibu. Yeye ndiye anayejua kwamba marejesho ya VAT yanatakiwa ifikapo tarehe 20, Kenya na Tanzania vilevile, na kwamba mishahara hufungwa wiki ya mwisho. Linalobaki ni dirisha dogo baada ya tarehe 20. Ijumaa jioni seva ya zamani hugeuzwa kuwa ya kusoma tu, mzunguko wa mwisho hupita, DFS huelekezwa upya, na Jumamosi watu watatu kutoka idara tatu huja kufungua mafaili yao ya kweli, siyo ya majaribio. Njia ya kurudi nyuma iandikwe: hadi saa ngapi Jumapili tunaweza kugeuza, na nani anaamua.

Seva ya zamani isifutwe. Iache ikiwa imewashwa kwa wiki chache bila ruhusa ya kuandika na usome kumbukumbu zake kuona ni nani bado anaibishia hodi kwa jina lake la zamani. Kila jina litakalotokea ni kazi iliyosahaulika. Baada ya hapo izimwe, lakini diski zake zibaki kabatini chini ya kufuli. Kuna mafaili yanayofunguliwa mara moja kwa mwezi, mengine kila robo mwaka, na jedwali la mali za kudumu hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, mkaguzi wa nje anapoliomba. Kampuni inayofunga hesabu zake Desemba, ikahama Agosti, haijamaliza kuhama hadi wakaguzi waondoke mwaka unaofuata. Ndipo diski zile zinaweza kusagwa, na karatasi ya kuthibitisha kusagwa kwake ikawekwa kwenye faili.